Dawa Ndani ya Seli

Majengo, Mpanda
2 Mei 1999

Séverine,

Barua hii nimempa utingo wa basi mkononi, haikupita posta, kwa hiyo naandika bila kuzunguka. Ulichosikia ni kweli. Mdogo wetu Polycarpe yuko sero, tena hapo hapo kijijini kwenu, kwenye kile kituo unachokipita ukienda kuchota maji. Alitoka Katumba bila kibali akaenda huko Inyonga kukausha tumbaku ya watu. Vijana wakagombana kwenye bani la kukaushia, mtu akang'olewa meno, wakazolewa wote. Kafika kituoni kajiandikisha kwa jina la Ubaldo, Mkonongo, mwenyeji wa huko. Mkonongo! Na ule ulimi wake wa Kirundi unaosema "kurara" badala ya "kulala". Nasikia anajifanya mtu asiyependa kuongea, na hilo ndilo jambo la kwanza la akili alilofanya tangu azaliwe.

Sasa nisikilize. Mtu yeyote asimjue. Wakigundua ni mkimbizi aliyetoka kwenye makazi bila karatasi, atarudishwa Burundi, na wewe unajua watu wanavyochinjana huko. Kwa hiyo wewe humfahamu. Watoto wako wakimwona wasimwite mjomba, na wakithubutu uwachape. Mama nimemwambia yuko porini analina asali.

Shida ni kifafa chake. Vidonge alivisahau kwa Mama, kopo zima ninalo mimi hapa, limeandikwa jina lake na zahanati ya Katumba. Ukilipeleka mlangoni umemchongea mwenyewe. Nimemwandikia Emelyne huko Ubelgiji. Watu wanasema barua za ng'ambo zinafunguliwa, basi nimesema kwa mafumbo: Poli yuko ndani, dawa zipo lakini haziingii, tutafutie njia. Yeye ndiye aliyesomeshwa na mapadri sisi tukila mihogo mikavu. Siku moja na afae kitu.

Kaka yako,
Onesphore

---

Ubelgiji
23 Mei 1999

Kaka Onesphore,

Miezi saba kimya, halafu unaniletea barua ya mistari minne. Lakini nimekusamehe, kwa sababu umeandika sentensi ambayo maprofesa wa hapa wanaiandika kwa kurasa thelathini: dawa zipo lakini haziingii. Kaka, hiyo ndiyo kazi yangu yote! Kaka yangu muuza dagaa wa Majengo amewapita.

Kwamba Poli yuko ndani sishangai. Kifafa kimezidi na Mama kamfungia chumbani wageni wasimwone, kama enzi zile. Na hizo dawa za kizamani nyingi zinaishia kuzunguka tu kwenye damu, hazifiki zinakotakiwa. Ngoja nikueleze kwa lugha ya sokoni.

Dawa inatakiwa kuingia ndani ya seli. Seli ina ukuta, na kwenye ukuta kuna milango yenye walinzi. Dawa ikija peke yake inakataliwa, inabaki nje. Sisi tunatumia mbebaji. Ni kipande kidogo sana cha protini, tumekinyofoa kwa adui mwenyewe, kirusi cha UKIMWI, maana adui ndiye anayejua kuingia. Usiogope, kipande hicho peke yake hakimdhuru mtu. Tunaifunga dawa kwenye mbebaji, naye anapenya nayo mpaka ndani. Ukuta hauvunjwi wala mlinzi hagutuki. Siri yake ni hii tu: dawa ishikamane na mbebaji kabisa, na mzigo usiwe mkubwa.

Usimtangazie Mama bado. Tuko kwenye vyombo vya kioo, hata panya hatujawapa. Lakini niandikie unaonaje. Hapa hakuna mtu wa kwetu wa kuniambia nimefanya vizuri.

Mdogo wako,
Emelyne

---

Majengo, Mpanda
15 Juni 1999

Séverine,

Yule mtoto ni hatari! Ameelewa kila kitu na amejibu kwa mafumbo kuliko yangu. Anaandika "seli" badala ya sero, kwa adabu za Kizungu, na sisi Warundi hizo r na l tangu lini zimetusumbua. Ameingiza na maneno ya UKIMWI na vyombo vya kioo ili anayefungua barua achoke njiani. Kuna panya kawataja, hao sijawaelewa, nimewaacha.

Maagizo yake ni haya. Ukuta usiguswe na mlinzi asisemeshwe. Dawa isiende peke yake. Itafutiwe mbebaji, na mbebaji atoke kwa adui, kwa sababu adui ndiye anayejua kuingia. Nimefikiri wiki nzima ni adui gani, mpaka nikakumbuka anayepika chakula cha mahabusu hapo kwenu. Si ni Emerensiana? Yule aliyekwambia kisimani kwamba ulikuja nchi hii ndani ya kikapu?

Nenda kwake. Najua hamsalimiani. Piga magoti kama itabidi, magoti yako si ya dhahabu. Usimwambie ni ndugu, sema ni kibarua wa mume wako aliyeomba dawa yake. Kidonge kisage, kikandwe kwenye maharage kisionekane. Kila siku kimoja, kama Poli alivyozoea. Nakutumia vichache kwenye karatasi. Kopo linabaki kwangu.

Onesphore

---

Kijijini, njia ya Inyonga
27 Juni 1999

Kaka,

Nimefanya ulivyosema. Emerensiana hakutaka nimfuate nyumbani, alitaka nimwombe pale mashine ya kusaga, wanawake wote wakiwa kwenye foleni. Nikapiga magoti kwenye pumba. Aliniuliza mara ya pili ninasema nini, eti hasikii vizuri kwa ajili ya mashine, wakati mashine ilikuwa imezimwa. Wakacheka. Mume wangu Manyanda amesikia habari hiyo na hajala chakula changu tangu siku ile.

Lakini dawa inaingia. Kabla ya hapo Poli alikuwa anaanguka karibu kila siku, wenzake wakamfunga mikono kwa shati wakidhani ana mashetani. Sasa haanguki. Juzi nilipita na ndoo, walikuwa wametolewa kufyeka majani. Ameota nyama kidogo usoni. Akaniona, akageuza uso haraka, na mimi nikageuza wangu. Mwanangu mdogo alitaka kuita nikamfinya mpaka akalia. Umetufundisha vizuri.

Wanasema kesi ya wale vijana itasikilizwa mwezi wa tisa, na huenda wakaachiwa wote maana aliyeng'olewa meno hataki tena kushtaki. Nitumie vidonge vingine.

Séverine

---

Majengo, Mpanda
4 Julai 1999

Emelyne,

Hongera sana. Njia yako inafanya kazi. Mbebaji tulimtoa kwa adui kama ulivyoagiza, dawa imeshikamana naye, imeingia ndani ya seli na ukuta uko salama. Tunapeleka kimoja kizima kila siku. Sasa wewe unayeona mbali, niambie kama tuendelee hivyo hivyo au tubadili, na hatari iko wapi. Nataka mambo yaende mpaka mwezi wa tisa bila kelele. Jibu upesi.

Kaka yako anayejivunia,
Onesphore

---

Ubelgiji
25 Julai 1999

Kaka yangu mpendwa,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaja kuuliza kuna nini. Kumbe barua yangu umeisoma neno kwa neno, na sasa unanitania kama profesa wangu! "Mbebaji tulimtoa kwa adui." Nimeibandika ukutani juu ya meza ya maabara. Nilidhani hamtaelewa, nilidhani mtasema Emelyne amekuwa Mzungu. Hujui umenipa nini.

Basi nami nakujibu kama profesa. Kipimo kizima ndicho kilichotuponza. Wiki za mwanzo kila kitu shwari, dawa inaingia, tunapongezana. Halafu siku moja tunafungua asubuhi na kukuta seli zimekufa, zote, hakuna hata moja ya kusimulia. Mbebaji akizidi anachokoza ukuta wenyewe. Tukashuka mpaka robo. Robo inaingia taratibu na hakuna kinachoshtuka. Kwa hiyo agizo la profesa Emelyne ni robo, wala usiongeze hata ukishawishika. Mwezi wa tisa ndio tunaanza na panya, na hapo ndipo tutajua.

Jioni hii nimetembea peke yangu pembeni ya mto nikijisemea Kirundi kwa sauti. Watu walinipisha njia.

Wako,
Emelyne

---

Majengo, Mpanda
10 Agosti 1999

Séverine,

Emelyne amejibu. Anasema kimoja kizima ndicho kitakachotuponza, mambo yatakwenda vizuri halafu siku moja asubuhi dili lote limekufa na wote wamenaswa. Mbebaji ameanza kuchokoza. Sijui habari hizi kazipata kwa nani, labda kwa mapadri, lakini anasema kwa uhakika kabisa. Kuanzia leo ni robo. Nimevikata mwenyewe kwa wembe, viko ndani ya karatasi hii. Usiongeze.

Onesphore

---

Kijijini
19 Agosti 1999

Kaka,

Robo haitoshi. Ameanza tena kuanguka. Emerensiana mwenyewe ameniuliza mbona dawa imekuwa vumbi. Hapa hakuna aliyenaswa, hakuna anayeuliza chochote. Niruhusu nimpe kizima. Anayemwona ni mimi, siyo Emelyne.

Séverine

---

Majengo
23 Agosti 1999

Séverine,

Wewe ulisomea wapi?

Robo.

Onesphore

---

Kijijini
3 Septemba 1999

Kaka Onesphore,

Polycarpe amekufa Jumatatu. Alianguka alfajiri, akainuka, akaanguka tena, na safari hiyo haikuisha. Mkuu wa kituo alimpakia kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati, mwenyewe akisukuma. Alikata roho njiani, hapo kwenye mabani ya tumbaku.

Walitangaza kama kuna ndugu wa Ubaldo ajitokeze. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na ndoo kichwani. Nilikumbuka maneno yako, kwamba simfahamu. Nikikiri, watauliza na wewe unakaa Majengo kwa kibali gani, na Mama, na wanangu. Kwa hiyo sikujitokeza. Wamemzika vijana wa kijiji, kwa jina la Ubaldo, na msalaba wa vijiti. Hakuna aliyemlilia kwa Kirundi. Nilikwenda mpaka porini mbali nikalia huko, nikarudi na kuni ili Manyanda asiniulize nilikuwa wapi.

Jioni Emerensiana alikuja kwangu, mara ya kwanza kukanyaga uwanja wangu. Akaniambia: "Yule alikuwa mdogo wako, mna masikio yale yale. Nilijua tangu siku ya kwanza. Kwa nini ulikuwa unanipa punje? Mimi naingia na sufuria, hakuna anayenipekua. Ungenipa kopo zima ningelipeleka." Nilitaka kumpiga. Nikamkaribisha kiti.

Wenzake waliachiwa jana. Wote.

Usinitumie barua tena.

Séverine

---

Majengo, Mpanda
12 Septemba 1999

Emelyne,

Nimeacha mafumbo. Wakitaka waifungue.

Polycarpe alikuwa mahabusu tangu mwezi wa nne. "Yuko ndani" maana yake ni hiyo, kwa kila Mtanzania na kila mkimbizi, isipokuwa wewe. Tulikuwa tunampenyezea vidonge vyake kwenye maharage ya mpishi. Vizima, na alikuwa anapona. Wewe ukasema robo, nikakata robo. Amekufa tarehe thelathini ya mwezi uliopita. Yuko chini ya jina la mtu mwingine, na Séverine alipita na ndoo.

Jana nimerudisha kopo zahanati Katumba. Nikamuuliza muuguzi seli ni kitu gani. Akanichorea duara kwenye kiganja chake, akaweka nukta katikati. Akasema mtu mzima anazo nyingi hazihesabiki. Nikamwambia ahsante. Nilikaa kwenye benchi la wajawazito mpaka wakaniondoa.

Barua yako ya pili nimeisoma tena. Umeandika kuhusu profesa, kuhusu panya, kuhusu mto wa Wazungu. Poli hukumtaja hata mara moja. Mgonjwa wa kifafa, ndugu yako wa tumbo moja, hata "msalimie" ilikushinda. Ungeuliza tu "Poli anaendeleaje huko chumbani", mimi ningeshtuka, ningejua hatuelewani. Nakushukuru kwa elimu yako.

Mama hajui. Aliniuliza mbona mlina asali harudi, nikamwambia umemvutia Ulaya kumtibu. Sasa kaanza kutangaza kanisani, ametoa na kuku wa shukrani. Kwa hiyo utamwandikia, wewe, kwa jina la Poli. Mama hajui kusoma lakini stempu anaijua, na karatasi ya huko anaijua kwa harufu. Nitamsomea mimi. Usilete sababu. Ulimuua, sasa utamtunza.

Onesphore

---

Ubelgiji
2 Oktoba 1999

Kaka,

Barua yako nimeipata Jumatano. Nimekwenda kazini nayo mfukoni kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Wamenionyesha panya wa kwanza. Dawa imeingia kwake mpaka kwenye ubongo, wakapiga makofi, wakanitaka niseme neno. Nikavua glavu, nikatoka nje.

Sikumtaja Poli, ni kweli. Liandike popote unapotaka, sitalikataa. Lakini na wewe usijifiche nyuma ya neno langu. Ulikuwa na dawa mkononi na dada yako akikupigia kelele kwamba mtu anaanguka mbele ya macho yake. Umeniandikia habari zote isipokuwa hiyo. Nimeipata kwa Séverine, kwenye kikaratasi kisicho na salamu. Ameninakilia barua yako ya tarehe ishirini na tatu, ile ya maneno manne. Wewe ulisomea wapi, robo. Uliamini karatasi ya mtu aliye mbali miaka sita kuliko macho ya aliyesimama na ndoo, kwa sababu yeye ni Séverine tu, na kwa sababu kukosea pamoja na msomi hakuaibishi. Tangu tukiwa watoto ulitaka mtu wa kumtii ili upate wa kumwamuru.

Nilikuwa peke yangu, Kaka. Ulinisifu, nikakujibu ulichotaka kusikia. Ningekujibu chochote.

Barua ya Mama iko kwenye bahasha ya pili. Nimeandika unavyotaka. Isome kwa sauti, mbele yake na mbele ya wanakanisa kama watakuwepo, na usiruke mstari. Nimemwomba Padri wa Katumba, anayepita kwa Mama kila mwezi, amsomee naye nakala aliyonayo. Ukipunguza neno Mama atajua.

Emelyne

---

Ubelgiji
2 Oktoba 1999

Mama yangu mpenzi,

Mimi ni Polycarpe mwanao. Nimefika salama kwa Emelyne. Samahani sikukuaga, mambo yalikwenda haraka. Baridi ya huku ni kali lakini nimepewa koti zito, na chakula nashiba. Nalala kitanda changu peke yangu, na madirisha yako wazi kwenye bustani.

Madaktari wa huku wamenipokea vizuri. Wanashangaa nimewezaje kufika nikiwa mzima, na ugonjwa ule, na safari ile. Nimewaambia si kwa nguvu zangu. Mama, nataka umshukuru Kaka Onesphore mbele ya watu wote. Yeye ndiye aliyenihangaikia nilipokuwa taabuni. Alikata vidonge vyangu kwa mkono wake mwenyewe, kwa wembe, kila kimoja akakipima nisizidishiwe. Dada Séverine alitaka kunipa zaidi, Kaka akamkatalia, kwa sababu anajua kuliko sisi. Bila yeye nisingekuwa hapa nilipo leo.

Mshike mkono anaposoma maneno haya, Mama. Mshike sana. Mpikie, na umbariki kwa Kirundi, kwa baraka ile ya Baba, ile aliyoitoa kwa mtoto aliyetuzidi wote.

Nitakuandikia kila mwezi. Mwambie Kaka ndiye awe anakusomea, asimwachie mtu mwingine kazi hiyo mpaka mwisho wa siku zako.

Mwanao,
Polycarpe